Safu ya Tatu ya Baba

Juzi nilikaa kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, hapa hapa Kinondoni, na katibu wetu, kijana mwenye kompyuta ya mapajani na manukato ya kutosha watu wanne, akatuambia kwamba worst case scenario ukumbi ukikosekana, tutafunga turubai uwanjani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Baadaye akasema worst case scenario keki itaokwa Tabata. Hapo mie kichwa kikaanza kuniwasha, siyo kwa mfano wa maneno, kikaniwasha kweli, nikawa najikuna mbele ya wajumbe kama kuku. Sikuchangia hoja. Mie ni mtu wa ndani, hata kwenda Madale kumwona ndugu yangu nafungasha kama ninayehama nchi, na kwenye vikao huwa nafuata soda. Nilipoimaliza nikarudi zangu nyumbani, nikakaa barazani na mambo yangu ya zamani.

Siku hizi watu wanaitia worst case kwenye maneno kama chumvi. Foleni, mvua, keki. Nyumbani kwetu ilikuwa inaandikwa kwa wino mwekundu, chini ya mstari uliopigwa kwa rula, na ilikuwa na mahali pake: safu ya tatu, upande wa kulia wa karatasi.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya mipango mjini. Zama zile kila kitu kilikuwa na mpango. Mashamba yalikuwa na mpango, vijiji vilikuwa na mpango, hata ng'ombe wa mikoani sijui walijua kiasi gani walivyokuwa wamepangiwa. Ofisini kwao akaja mtaalamu mgeni, akawafundisha makarani kwamba mpango wowote wa maana lazima uwe na safu tatu. Ya kwanza best case, mambo yakinyooka. Ya pili probable case, mambo yakienda kama mambo yanavyoendaga. Ya tatu worst case. Mtaalamu alipomaliza mkataba akarudi kwao, akaacha safu zake, na baba akazileta nyumbani kama wenzake walivyokuwa wakileta penseli na karatasi za kaboni.

Basi tukaishi kwa safu. Tukienda Masasi kuwasalimia wazee, baba alipiga mistari: best case tunafika jioni, worst case barabara imekatika, tunalala njiani, kwa hiyo mikate miwili ya akiba na shuka. Paa likivuja, safu tatu. Mama alikuwa akisuka wanawake wa mtaa pale barazani, na mdomo wake ulikuwa unakwenda kasi kuliko vidole. Alikuwa anamwita baba Bwana Safu. Siku moja alimwambia mbele ya wateja wake aandike na worst case ya maharage kuungua, maana yeye anasuka na hawezi kuinuka. Baba akainuka kwenda kuyaangalia. Yalikuwa yameshaungua.

Mie nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa napenda kuuliza. Nikamuuliza baba hiyo worst case ni kitu gani hasa. Akaweka kalamu chini, maana alipenda kuulizwa, akasema: siyo kitu kitakachotokea, mwanangu, ni kitu ambacho kikitokea kisitukute tumelala. Nikamuuliza kwa nini haandiki Kiswahili, na shuleni mwalimu anatuambia kila siku tujivunie lugha yetu. Baba akaichukua tena kalamu yake. Mama ndiye aliyejibu, uzi ukiwa mdomoni. Alisema shari ukiitaja kwa jina lake inaitika, lakini ukiiita kwa Kiingereza haijui kama ni yenyewe inayoitwa. Wateja wakacheka. Baba hakucheka sana. Nadhani aliona ni jibu zuri kuliko la mtaalamu.

Maelezo ya baba niliyasikia vizuri, sitasingizia masikio. Tatizo ni kwamba karatasi pekee yenye safu niliyokuwa naifahamu mie ilikuwa ratiba ya shule. Ratiba ikisema Jumatatu saa mbili ni Hesabu, Hesabu inakuja, na haijawahi kutokea hata Jumatatu moja ikapata aibu ikarudi ilikotoka. Nikachukulia za baba ni hivyo hivyo. Kilichoandikwa kiko njiani, kinasubiri zamu yake.

Halafu mama akaanza kuvimba tumbo. Majirani wakampa hongera, naye akazipokea kwa sababu, alisema, hongera haina gharama. Lakini zilipita wiki nyingi bila chochote cha hongera, na daktari akasema ni uvimbe, inabidi apasuliwe. Siku moja kabla ya kwenda kulazwa alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka nywele za uzi mweusi, akavuta mpaka nyusi zangu zikapanda juu nikawa naonekana mtu anayeshangaa kila kitu. Akasema hizo hazifumuki, zitakaa mpaka arudi. Baba alikuwa ndani, mezani, na rula.

Ile karatasi niliiona kesho yake. Ilikuwa chini ya kitambaa cha meza, pale pale alipokuwa anaziweka zote, maana hakuwahi kufikiri kwamba mtoto aliyefundishwa kusoma atasoma. Best case: mama anatoka wiki ya pili, Rehema, ndiyo mie, anabaki nyumbani na baba. Probable case: mama anakaa zaidi ya wiki mbili, Rehema anakula kwa Mama Tunu jirani, analala nyumbani. Halafu mstari, halafu wino mwekundu. Baba, mtu wa kujaza safu ya tatu mpaka inamwagikia nyuma ya karatasi, mtu wa mikate miwili ya akiba, safari hii alikuwa ameandika mstari mmoja tu. Rehema aende Tabata, kwa shangazi yake.

Hakuandika kwa nini. Nilielewa kwa nini.

Wiki mbili za kwanza nilikaa na baba, tukala ugali wake wenye mabonge ambayo tulikuwa tunayapita pembeni kama mawe barabarani. Mama hakutoka. Wiki ya tatu nikaanza kula kwa Mama Tunu. Kwa hiyo unaona mwenyewe, msomaji, safu zilikuwa zinakuja kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, na mie nikawa nakula wali wa watu huku nasikiliza hatua za mlangoni.

Mchana mmoja baba alirudi kabla ya saa za kutoka kazini. Akashusha sanduku juu ya kabati. Alisema ofisi inamtuma Dodoma, idara zinahamia huko, anakwenda kupanga majalada, mwezi mzima na pengine na ushei, na hawezi kuniacha usiku peke yangu, kwa hiyo nitie nguo kwenye kikapu, ananipeleka Tabata kwa shangazi. Shule ameshaniombea ruhusa. Nikamuuliza, mama je? Akasema hajambo, anaendelea vizuri, huku anatafuta ufunguo wa sanduku, kwa hiyo hakunitazama.

Leo najua kwamba ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno. Dodoma ilikuwa kweli, majalada yalikuwa kweli, na ufunguo ulikuwa umepotea kweli. Dodoma haikuwa kwenye safu yoyote, ilitoka pembeni ya karatasi. Lakini mie nilikuwa nimeshawaona watu wazima wanavyofanya. Mama yake Mama Tunu alipofariki, wajukuu waliambiwa bibi amesafiri, wakakaa miezi miwili wakibishana nani ataletewa viatu. Kwa watoto hakuna anayekufa, watu wanasafiri tu, na wanaobaki hawakutazami machoni. Sikumuuliza baba tena. Nilimwonea huruma. Nikaona ana kazi kubwa kunificha, nisimwongezee.

Tabata ya wakati ule haikuwa hii ya leo ya ukuta kwa ukuta. Ilikuwa mihogo na mikorosho, nyumba moja hapa na nyingine kule, na katikati njia za mchanga. Shangazi alikuwa mama wa mwili na sauti, na roho nzuri iliyokuwa haina muda. Alfajiri yuko shambani, mchana kwenye foleni ya duka la ushirika, jioni jikoni. Mume wake alikuwa anafanya kazi kiwandani kwa zamu, nikimwona alikuwa amelala. Binti yao, dada Fidea, alikuwa darasa la saba, akiondoka asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa mie na kuku. Na hakuna niliyeweza kumwambia, kwa sababu wote, kwa jinsi nilivyoelewa, walikuwa wanajua na wamekubaliana kuninyamazia kwa wema.

Nikaweka matanga peke yangu. Sijui niite nini kingine. Sikukaa tena kwenye kiti, nikawa nakaa mkekani na miguu nimeinyoosha, kama nilivyowaona wanawake msibani. Sikupaka mafuta, ngozi ikapauka mpaka shangazi akanikamata siku moja akanipaka kwa nguvu, akidhani ni uvivu. Nyuma ya jiko nilikuwa nachora alama ya mkaa kila asubuhi, nikianzia siku niliyoletwa. Kulia nilikuwa nalia saa nne, baada ya kufagia. Kabla ya kufagia nilikuwa naona siyo adabu.

Kila Jumapili shangazi alikuwa anapanda basi kwenda hospitali. Watoto walikuwa hawaruhusiwi kuingia wodini, kwa hiyo sikuchukuliwa, na hilo nalo nikalielewa kwa namna yangu. Alikuwa anarudi na habari: mama yako anakusalimu, jana kala uji, kidonda kinakauka. Nilikuwa nastaajabu anavyojua kutunga. Mtu mzima, na miguu yake inayovimba, anapanda basi kila Jumapili, anakwenda kukaa mahali, anarudi na uongo mpya uliopangwa vizuri, na yote kwa ajili yangu. Jumapili moja akaniletea biskuti tatu ndani ya leso, akasema mama ndiye kazitoa, alipewa na mgeni wa kitanda cha jirani. Wakati ule biskuti ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nikazila huku machozi yanashuka, na dada Fidea akaniangalia akasema, "Huyu analia, lakini meno hayana habari."

Dada Fidea alikuwa anataka kunifumua nywele. Zilikuwa zimeota chini, nyuzi zimesimama huko na huko, akawa ananiita nungunungu, akaniambia nikipita kwenye mihogo nitapigwa mkuki. Nilikataa. Nilikuwa nalala kifudifudi zisisagike. Mikono iliyozifunga isingefunga nyingine, na mtu ambaye ameachiwa kitu kimoja tu hawezi kukitoa kwa sababu ya nungunungu.

Lakini kwetu kusini wafiwa hunyolewa siku ya arobaini. Nilikuwa nimeliona hilo babu alipokufa. Mama alirudi kutoka Masasi kichwa kinang'aa, nikamkimbia, nikakaa kwa Mama Tunu mpaka jioni. Sasa alama za mkaa zilikuwa zinakaribia, na mie ndiye nilikuwa mfiwa, na hakuna mtu mzima ambaye angenifanyia, kwa kuwa kwao msiba haukuwepo. Kwa siku kadhaa nikabishana na nafsi yangu. Niliona nisiponyoa nitakuwa nimemwacha mama nusu njia, na nikinyoa nitakuwa nimekubali.

Siku yenyewe shangazi alikwenda kwenye foleni ya sukari. Nikachukua mkasi, nikakata uzi mmoja mmoja. Halafu nikachukua kipande cha sabuni na wembe wa mume wake shangazi, wembe mpya, nikakaa nyuma ya jiko mbele ya zile alama. Usiniulize kilitokea nini. Nilipomaliza kichwa kilikuwa kama shamba lililopaliliwa na mlevi, kuna mahali peupe, kuna mahali pamesahauliwa, na damu imenishukia sikioni. Nikaoga. Nikajipaka mafuta. Nikakaa kwenye kiti, maana matanga yalikuwa yamekwisha, na upweke ulionishika pale kwenye kiti, kwenye uwanja ule wenye kuku, sijakutana nao tena, na nimeshazika watu wengi tangu hapo.

Shangazi alirudi bila sukari. Alianza na wembe. Nyembe zilikuwa zimeadimika, alisema, mume wake ataendaje kazini na ndevu, na sabuni hii tumeipangia foleni wiki nzima. Alipomaliza hayo ndipo akakiona kichwa chenyewe. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia leo ni arobaini ya mama.

Alikaa chini, pale pale kwenye mchanga, na kikapu chake. Akauliza nani kaniambia mama yangu kafa. Nikasema baba. Lini? Sikusema kasema, nikamjibu, kaandika. Nikamweleza habari za safu. Shangazi hakuwa msomi, akaniuliza mara tatu hiyo worst case maana yake nini, na mie kwa kumheshimu nikamtafsiria, nikasema kwa Kiswahili kitu chote ambacho baba hakukiandika. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Mama yako yu hai, we mtoto. Usimchurie."

Sikumwamini, alikuwa ameshanizoesha. Lakini alikuwa ameusahau kabisa wembe na sabuni, na hilo halikuwa kwenye mtindo wake wa kutunga. Ndipo nikashikwa na hofu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Siku arobaini mama alikuwa amekufa na nilikuwa nimeshazoea kidogo. Sasa kama kweli alikuwa hai, basi nilikuwa nimemlilia mtu anayepumua, nimemnyolea, nimeita shari kwa jina lake la nyumbani kabisa, na huenda ilikuwa imesikia na iko njiani kwenda wodini.

Shangazi alinifunga kilemba cha kanga akaninyoa vizuri kesho yake. Akaniambia neno hili lisitoke. Mgonjwa ametoka kwenye kisu, haambiwi kwamba mwanawe kamfanyia arobaini. Akiuliza, ni chawa. Jumapili alipokwenda hospitali nilikaa njiani nikimsubiri, na kwa mara ya kwanza sikuwa nasubiri kusikia ametunga nini. Alirudi akasema mama anatoka Alhamisi, na baba amerudi, ndiye atakayemleta. Nikamtazama usoni kwa muda mrefu. Sikuona kitu.

Alhamisi nilikaa mkekani tangu asubuhi. Kwenye adhuhuri niliwaona wanakuja kwenye njia ya mchanga, baba na mfuko, na pembeni yake mwanamke mwembamba anayetembea na mkono tumboni, akisimama, akitembea, akisimama. Sikuinuka. Sikuwa na uhakika naye mpaka alipofungua mdomo. Aliniangalia na kilemba changu, akasema, "He, nimelazwa siku chache tu mkaniozea mtoto?"

Shangazi akawahi kusema ni chawa, wifi, chawa wa huku wabaya. Mama akaketishwa kwenye kiti. Akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, na mikono yake ikaenda kwenye kilemba, maana mikono ile haikujua kukiacha kichwa cha mtu. Akakifungua. Akanipapasa kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji, polepole, akagusa na kile kidonda cha sikioni. Yeye ni mtu wa kusini, alikuwa anajua chawa wananyolewaje na msiba unanyolewaje, na alijua nani anajinyoa mwenyewe. Baba alikuwa bado kasimama na mfuko.

"Nani kafa?" mama akauliza.

Shangazi akaanza kusema. Mama akainua kidole bila kumtazama.

"Wewe," nikasema.

Nilitegemea atacheka, yeye ambaye alicheka mpaka kwenye maharage yaliyoungua. Hakucheka. Alimgeukia baba, na baba alikuwa anatazama viatu vyake, na nadhani wakati ule ule alikuwa anaiona ile karatasi, na wino wake, na mstari wake mmoja.

"Ukanililia?" mama akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Halafu akaanza kushuka kwenye kiti, kidogo kidogo, mkono tumboni, shangazi akimwambia nyuzi, wifi, nyuzi zitakatika, naye hakumjibu, mpaka akafika mkekani. Akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake kwenye matanga. Akanivuta nikakaa pembeni yake. Kisha akanipa mkono, siyo kama mtoto anavyoshikwa, alinipa mkono kama mtu mzima anavyompa mfiwa, akauacha ndani ya wangu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nimechelewa msibani kwako. Hebu nieleze, nilikufaje?"

Nikaanza kumweleza, tangu siku ya ufunguo. Nilipofika kwenye biskuti, baba aliweka mfuko chini, akavua viatu, akaja akakaa nasi.